Nilimshuku mama kachakachua mvinyo, kumbe zabibu zenyewe zilikuwa zimejihami

Wakuu, kwema? Wa Dodoma wenzangu, mbukwenyi.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara tatu. Unanihusu mimi na mama yangu mzazi, na pale nilipofanya ujinga sijapapaka rangi. Atakayesema ni chai aje Kikuyu, hapa Dodoma, nimpandishe pikipiki twende kijijini akawasikie wahusika wenyewe.

Mimi ni fundi wa friji na AC. Kazi yangu ni kupima. Mteja akiniambia friji haigandishi, simsikilizi sana, namsubiri amalize nichomeke gauge. Watu wanadanganya, wanasahau, wanakuficha kwamba walitoa barafu kwa kisu wakatoboa. Kipimo hakina maneno mengi.

Mama yupo kijijini, njia ya Mvumi. Ana shamba la zabibu nyeupe, mistari kumi na minne tu, alilolipanda na marehemu mzee.

Yeye na akina mama wenzake wana kikundi. Kila mmoja anavuna kwake, anakamua kwake, anachachusha kwake, halafu wanauza mvinyo kwa lebo moja. Nyuma ya kila lebo kuna alama ndogo ya aliyetengeneza, ili kukiwa na tatizo wajue pa kuanzia.

Sheria yao kubwa ni moja. Ukichakachua, unafutwa. Hakuna kuongeza maji, hakuna kuongeza sukari. Na kwa mliokulia mjini, kufutwa kikundi kijijini si sawa na kutolewa kwenye group la WhatsApp. Ukifutwa, ukifika bombani wanawake wananyamaza. Kwenye msiba unapewa kazi ya kuosha masufuria, hukaribishwi kwenye kupika.

Sasa twende kwenye ujinga wangu.

Mwezi wa nane nilienda kumsalimia nikiwa na kipima sukari. Kidude kidogo tu, unadondoshea tone la juisi, unachungulia kwenye mwanga, kinakupa namba. Nilikuwa nimekinunua mtandaoni baada ya kuangalia video kama tatu za Wazungu wenye mashamba. Confidence niliyokuwa nayo, acheni tu.

Mama yeye ana namna yake ya kupima. Anachuma punje moja, anaila, anabaki na mbegu mdomoni. Anaing'ata. Ikivunjika kwa mlio kama wa karanga iliyokaangwa na ikiwa imeshageuka kahawia, basi zimefika.

Siku hiyo aling'ata, akatema, akasema, "Yohana, wiki hii tunavuna."

Nikatoa kidude changu. Nikachungulia. "Bado mama. Sukari bado inapanda. Ukisubiri zitakuwa tamu zaidi, mvinyo utakuwa mkali zaidi. Subiri."

"Wenzangu wanavuna Jumatatu."

"Wenzako hawana kipimo."

Akanitazama, akasema haya, wewe ndiye uliyesoma. (Nimesomea friji, lakini ndiyo hivyo.)

Akasubiri karibu wiki tatu. Wenzake karibu wote walishamaliza kukamua, yeye bado anashinda shambani na kopo lenye mawe akifukuza ndege, maana mashamba karibu yote yalikuwa yameshavunwa. Ndege wote wa njia ile walihamia kwake. Mwanamke wa miaka sitini na kitu anakimbizana na ndege juani ili mwanawe afurahie namba! Nikikumbuka najisikia vibaya mpaka leo.

Tukavuna. Tukakamua. Mvinyo ulipotulia ulikuwa safi kabisa, wa dhahabu, unauweka dirishani unasoma gazeti ng'ambo ya pili. Nikajipongeza. Nikapiga picha, nikaweka status.

Mwezi wa kumi na mbili kikundi kikapata kazi yao ya kwanza kubwa, harusi ya watu wa mjini hapa. Makreti yakapakiwa kwenye pickup wazi, saa sita mchana, jua lile mnalolijua. Gari likaharibika njiani, makreti yakakaa juani muda mrefu mpaka ukishika chupa unaiachia. Yakafika ukumbini, yakazamishwa kwenye barafu haraka haraka ili yawahi.

Jioni chupa zinafunguliwa. Za wenzake safi. Za mama zimeingia wingu.

Wakuu, si wingu la kubahatisha. Lilikuwa jeupe jeupe kama maji uliyooshea mchele. MC, na hawa MC wa siku hizi hawana simile, akainua glasi juu, akauliza kwenye maiki upande wa bwana harusi, "Jamani, hii ni wine au tumeletewa togwa?" Ukumbi mzima ukacheka.

Mwenyekiti wa kikundi, nitamwita Mama Chibago, alikuwepo. Akageuza chupa akaangalia alama nyuma ya lebo. Hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Kesho yake wakamfuata mama nyumbani. Hawakumtukana, hilo niseme ukweli. Walimuuliza tu kama aliongeza maji baada ya kuona amebakiwa na zabibu chache, maana ndege walikula nyingi. Mama akasema hapana. Wakamwambia mkutano utakaa baada ya wiki tatu, na mpaka hapo asibandike lebo kwenye chupa yoyote. Mwingine akamsema pembeni kwamba ndiyo maana alichelewa kuvuna, alikuwa anatafuta namna.

Mimi nikaenda Jumapili. Mama alikuwa anapeta ulezi. Nikaketi, tukaongea habari za mvua, habari za mbuzi, halafu nikafungua mdomo wangu huu.

"Mama, lakini kweli hukuongeza maji? Hata kidogo? Niambie mimi, sitasema."

Aliweka ungo chini. Akaniangalia kama anatafuta mtu aliyekuwa amezoea kumwona hapo.

Kisha akasema, "Umekula?"

Nikasema sijala. Akaingia jikoni akanisongea ugali na mlenda, akanitengea, akatoka nje akaendelea kupeta. Sikupata jibu lingine siku ile. Na siku zilizofuata nikipiga simu, nikisema shikamoo mama, anasema marahaba, nikisema hali, anasema tupo. Basi. Mama yangu ambaye huwa ananihadithia mpaka kuku ametaga wapi.

Kwa kweli mimi nilikuwa nimeshaamini kwamba kuna kitu alifanya. Nilijiambia labda ni uzee, labda alihofia kiasi kupungua. Nikaanza hata kupanga namna ya kumwombea msamaha kwa Mama Chibago. Yaani kichwani mwangu mama alishahukumiwa na wakili wake ni mimi, wakili ambaye hamwamini mteja.

Zikabaki siku nane mkutano ukae.

Hapo ndipo nikaitwa kurekebisha freezer kwenye maabara moja, sitaitaja. Mwenye freezer ni mama mmoja mtafiti, mtu mzima, nitamwita Dokta. Nafungua mlango nakuta vifuko na vifuko vya zabibu zilizogandishwa, vimeandikwa wiki ya nne, wiki ya sita, wiki ya nane, mpaka juu huko.

Nikamuuliza, "Shikamoo Dokta, samahani, hizi zote za nini?"

"Marahaba. Nazifuatilia tangu zikiwa punje ngumu mpaka zinaiva. Nataka kuona zinajilindaje kwa kila umri."

Sijui ni nini kilinishika, nikajikuta namhadithia mambo ya mama. Harusi, wingu, togwa, kila kitu. Nilipomaliza alikuwa anacheka, lakini si kwa kunidhihaki.

"Fundi, mlivuna lini?"

Nikamwambia. Nikaongeza kwa fahari kidogo kwamba mimi ndiye niliyemwambia asubiri sukari ipande.

Akaacha kucheka. "Ahaa. Basi kaa chini nikueleze."

Naomba niwaeleze kama alivyonieleza, wataalamu wa mimea mtanisahihisha.

Zabibu changa ukiila inakunja uso. Ni ngumu, ni chachu, ina ukakasi. Hiyo yenyewe ndiyo kinga yake ya utotoni. Ndege hataki, kuvu hapati sukari ya kula. Kwa hiyo mmea haujisumbui sana kuijaza protini za ulinzi, maana kutengeneza protini kunakula nguvu, na nguvu inahitajika kwenye kukuza tunda.

Likianza kulainika na kuingia utamu, mambo yanabadilika. Uchachu unashuka, sukari inapanda, sasa kila kiumbe kinalitaka. Hapo mmea unawasha mtambo. Unaanza kumimina protini za ulinzi ndani ya punje. Zipo zinazokatakata ukuta wa kuvu, zipo zinazomtoboa ngozi. Na haziji kwa siku moja. Zinapanda pamoja na sukari, wiki baada ya wiki.

"Kwa hiyo kadiri unavyochelewa kuvuna?" nikauliza.

"Unavuna sukari nyingi, na askari wengi."

Mimi ni fundi, nikamwambia, "Kumbe mzabibu una thermostat."

"Una kitu cha namna hiyo," akasema, "ila hausomi joto tu, unasoma na umri wa tunda."

Sasa sikilizeni. Hizo protini hazina madhara kwa mtu na hazina ladha. Ila ni sugu. Uchachu haziogopi, kilevi haziogopi, zinapita kwenye pipa mpaka kwenye chupa zimenyamaza tu, na mvinyo unaonekana safi. Shida ni joto. Chupa ikipata joto kali zinafumuka, kama ute wa yai ukigusa kikaango. Halafu ukipooza zinashikana, ndipo unaona wingu.

Pickup wazi. Jua la saa sita. Barafu.

Nilikuwa nimeshika bisibisi, nikaiweka chini.

Dokta akaniuliza, "Na hao wanaosema ameongeza maji, wamefikiria? Ukiongeza maji unazipunguza hizo protini. Wingu lingekuwa jepesi. Wingu zito namna hiyo ni ushahidi kwamba mama yako hakugusa kitu."

Wakuu, niliona aibu. Si ile ya kujikwaa barabarani. Mama alikuwa amesema kweli tangu siku ya kwanza, na aliyeharibu mvinyo ni mimi na kidude changu, na bado mimi huyo huyo ndiye niliyekwenda kumhoji kama mwizi.

Dokta akanielekeza kipimo wanachofanya watengeneza mvinyo. Unaweka mvinyo kwenye chupa ndogo, unaichemshia kwenye maji yenye joto la nyuzi themanini kwa saa mbili, unapooza, unaangalia. Hakuna mashine ya ajabu. Sufuria na kipima joto. Na kipima joto ndicho kitu pekee ninachotembea nacho kila siku ya Mungu.

Freezer nikalitengeneza, wala sikumtoza ufundi.

Siku ya mkutano nikaenda na jiko la gesi, sufuria kubwa na kipima joto changu. Walikaa kwenye darasa la shule ya msingi, akina mama kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa vifua. Mama alikaa peke yake dawati la nyuma. Hakunitazama.

Nikawasalimia wote shikamoo. Nikaomba nafasi. Mama Chibago akasema, "Wewe ni mtoto wa mtuhumiwa, utasema nini?"

Nikajibu, "Sisemi mimi, mama. Tuchemshe."

Tukajaza chupa ndogo tatu mbele ya macho yao. Moja ya Mama Chibago mwenyewe, aliyevuna mapema. Moja ya mama. Ya tatu nusu ya mama, nusu maji ya bombani, na maji aliyamimina Mama Chibago kwa mkono wake asije akasema nimefanya kiinimacho.

Kabla sijawasha, Mama Sechelela akanyoosha mkono. Huyu ni jirani yetu, mpole sana. Akasema, "Weka na yangu. Mimi nilivuna baada ya Mama Yohana. Nilikuwa hospitali, binti yangu amejifungua. Ila yangu haikupelekwa harusini."

Wenzake wakageuka kumtazama. Nadhani hata yeye alikuwa na hofu yake aliyolala nayo wiki hizo zote.

Zikawa chupa nne.

Saa mbili ni nyingi, wakuu. Wakati wa kusubiri waligawana karanga, wakabishana kuhusu bei ya mbolea ya samadi, mmoja akasinzia, mtoto wa mtu akalia akanyonya akalala. Mimi nipo kwenye sufuria, namba ikipanda napunguza moto, ikishuka naongeza. Sijawahi kuchunga kipimo maishani mwangu kama siku ile. Nilikuwa naogopa. Je, Dokta akiwa amekosea? Mama nitamweka wapi?

Nikazitoa. Nikazizamisha kwenye ndoo ya maji baridi. Nikazipanga juu ya meza ya mwalimu, dirishani, mwanga unapita.

Ya Mama Chibago, safi.

Ya mama, imefunga wingu. Togwa ile ile.

Ya mama yenye maji, wingu lipo, lakini hafifu. Unaona vidole vyako upande wa pili.

Na ya Mama Sechelela, wingu zito kama ya mama.

Mama Sechelela akaweka mikono kichwani, "Heee! Na mimi ningefutwa!"

Nikawaeleza kama nilivyoelezwa. Punje changa na ukakasi wake, punje mbivu na askari wake, pickup, barafu. Nikawaonyesha kwamba yenye maji ndiyo yenye wingu dogo. Mama Chibago aliishika ile chupa ya tatu aliyoichanganya yeye mwenyewe, akaigeuza, akaigeuza tena.

Akainuka. Mtu mzima yule, mwenye sauti ya kuamrisha kijiji, akaenda mpaka dawati la nyuma. Akasema, "Mama Yohana, tumekusulubu bure. Nisamehe."

Mama akamshika mkono. "Yameisha, mwenzangu."

Vigelegele vikapigwa mpaka mtoto akaamka.

Nilidhani tumemaliza. Nikaanza kufunga jiko langu la gesi. Ndipo mama akaongea, taratibu tu, lakini wote wakasikia.

"Wao walikuwa wananishuku kwa sababu hawakunilea wala sikuwalea. Wewe je?"

Jamani.

Nikaacha jiko. Nikaenda pale mbele yake, nikapiga magoti kwenye sakafu ya darasa, mwanaume mzima na ovaroli ya kazi. Nikasema mbele ya kikundi chote kwamba aliyemwambia achelewe kuvuna ni mimi, yeye alitaka kuvuna na wenzake. Na kwamba nilipokwenda kumuuliza, sikwenda kuuliza, nilikwenda nikiwa nimeshaamua. Nikasema nisamehe mama.

Akanigusa kichwani. "Inuka, unachafua nguo. Umekula?"

Nikasema sijala. Wakacheka wote, na yeye akacheka, mara ya kwanza tangu harusi ile.

Sasa hali ilivyo leo. Dokta alikuja kijijini mwenyewe, akawafundisha kutumia udongo maalumu mweupe wa kusafishia mvinyo. Unaukoroga kwenye pipa, unazinasa zile protini, unazama nazo chini, kisha wewe unachuja. Mvinyo wa mama uliokuwa umebaki na wa Mama Sechelela yote ilisafishwa, ikachemshwa kwenye sufuria kujaribiwa, haikuingia wingu. Lebo zikarudi. Sasa hakuna pipa linalotoka bila kupita kwenye sufuria, na mkaguzi waliyemchagua ni mama. Kipima joto changu kipo kwake, mimi nimenunua kingine.

Kuhusu lini kuvuna, msimu huu aliniita. Nikaja na kidude cha sukari. Aling'ata mbegu yake, akanipa na mimi punje niing'ate. Ikalia. Tukaangalia namba pamoja. Akasema tuvune, tukavuna.

Funzo langu, na hapa naongea na mafundi wenzangu na wote mnaopenda data. Kipimo hakikudanganya hata mara moja. Sukari ilikuwa inapanda kweli. Ila kilikuwa kinapima kitu kimoja, na ndani ya punje kulikuwa na mambo mengine yanaendelea ambayo sikuyauliza. Mama alikuwa na miaka zaidi ya thelathini kwenye shamba lile. Hakujua protini, lakini alijua siku.

Wenye zabibu Hombolo, Mpunguzi, na kwingineko, mmeshakutana na wingu hili? Mnavuna kwa dalili gani? Na wataalamu wa mimea humu, nilipokosea nisahihisheni, sitakasirika.

Lakini nawaomba na wengine msio na shamba. Nilihitaji jiko la gesi, sufuria na saa mbili nzima ili niamini neno moja la mama yangu, lile "hapana" alilolisema siku ya kwanza. Kama na wewe kuna mzazi uliyemshuku na alikuwa anasema kweli, andika hapa chini. Au acha kuandika, mpigie simu kwanza.